Siku Thelathini za Nyonga

Jumapili, tarehe 2 Februari

Kaija mwanangu, salamu nyingi. Baba yako anakusalimu. Nyonga yake inasema kesho theluji, na nyonga ile haijakosea hata mara moja tangu arudi kutoka kile kituo cha mazoezi alikokaa mwezi mzima akila pudini na kuwafunga wazee karata. Bibi Aili anakusalimu, anasema mto wako anaulalia yeye ili usipoe. Pulla anakusalimu kwa mkia, bado anabweka mlangoni kila basi la shule likipita. Klarineti yako inakusalimu kutoka juu ya kabati, nimeipangusa vumbi. Verna wa kazini angekusalimu pia, ila anadhani uko Fargo kwa shangazi yako. Mimi ni mzima. Nusu mzima.

Barua hii haitatumwa. Wala si barua, ni shajara. Bi Odell, mshauri wako, alinipa daftari siku ile tulipokuacha kituoni, akasema andika kila siku, mama, toa yote yaliyomo, ila usimpelekee. Mtoto ataandika yeye kwanza, siku akiwa tayari. Na akiandika, usimwulize amekula nini. Nikasema sawa. Nilisema sawa mara tatu. Mimi nalisha watu mia mbili kwa siku pale hotelini, na wangu mmoja nisimwulize! Sawa.

Sasa maneno yenyewe. Jana imekuja barua ya kampuni ya bima. Siku zako zinaisha Ijumaa, tarehe saba. Walikupa siku nne, wakatupa nne nyingine, wakatupa nne tena, kama mtu anayemrushia ndege makombo. Sasa wanasema umepata nafuu ya kutosha, ukamalizie nyumbani. Nilimpigia Bi Odell. Hakuzunguka: bado wiki kadhaa. Akitoka sasa, atarudi hapa akiwa na hali mbaya kuliko ya kwanza. Nikauliza itakuwaje. Akasema tukate rufaa. Sijui rufaa hukatwa kwa kitu gani. Niliacha shule nina miaka kumi na sita.

Lakini! Kwenye ubao wa jikoni kazini wameandika: Ukumbi wa Ziwa, Jumatatu hadi Jumatano, watu sitini, Mafunzo ya Sheria ya Usawa wa Afya ya Akili katika Bima. Watatoka kila kampuni ya jimbo hili. Na yetu! Mimi nimepangwa Ukumbi wa Chini, chakula cha chama cha wanaovua samaki juu ya barafu. Ukumbi wa Ziwa amejipangia Verna, kwa kuwa zamu anazipanga yeye.

Nina hila.

Jumatatu, tarehe 3 Februari

Theluji. Nyonga haikosei.

Hila ya kwanza. Nilimwendea Verna alfajiri, maneno nimeshayapanga tangu kitandani. Sikumwambia nautaka Ukumbi wa Ziwa. Mtu haombi hivyo. Nilisema tu nasikia kule juu kuna baridi, na kwa magoti yale namwonea huruma. Verna akaniangalia. Akauliza, kwani unautaka wewe? Nikasema aa, mimi niutakie nini. Akauliza tena, una hakika? Nikasema kabisa, wala usijisumbue. Ndiyo adabu yetu: ya kwanza unakataa, ya pili unakataa, ya tatu unapokea kama umesukumwa. Verna akanipa mgongo. Akaanza kupanga vikombe. Alipanga vikombe arobaini! Nilivihesabu. Ndipo akasema bila kugeuka, "Arlys, bibie, hii ya tatu. Unautaka au nipande?"

Nikasema basi, kama unasisitiza.

Akasema hasisitizi chochote, na kwa hilo zamu ya Pasaka nitaifanya mimi. Nikamshukuru. Kwa hiyo hila imefaulu.

Mkufunzi ni Bi Achterberg, wakili, mwanamke mfupi mwenye suti nzuri na buti za theluji. Kwao ni New Jersey, kwa hiyo husema jambo jinsi lilivyo, na watu walikuwa wakishtuka kidogo kidogo kila anapomaliza sentensi. Alisema sheria hii wengi wanaikosea. Haiwaambii bima walipe kila kitu. Inasema nyumba yenu ina milango miwili, wa mwili na wa akili. Kufuli mtakaloweka mlango wa akili lisiwe kubwa kuliko la mlango wa mwili. Kama mwenye mguu uliovunjika hamumwombi vyeti kila baada ya siku nne, na mwenye huzuni msimwombe. Basi.

Watu sitini wakainama kuandika. Na mimi nilitamani kuandika. Nilikuwa nikimmiminia kahawa bwana mmoja wa meza ya tatu, nikasimama pale nikiwaza kufuli. Kikombe kikajaa. Sahani ikajaa. Kisha paja la bwana likajaa. Aliruka mpaka kitambulisho kikampiga kidevuni. Nikakisoma nikiwa nampangusa: Duane Pribyl, Mkaguzi. Na chini yake, jina la kampuni yetu! Ile ile iliyo kwenye barua!

Niliomba radhi mara sita. Alisema hakuna neno, mama, suruali hii ni ya kazini. Ana uso mzuri. Sikutegemea awe na uso mzuri.

Jumanne, tarehe 4 Februari

Hila ya pili. Ilikuwa kubwa.

Jana jioni nilipokuwa nakusanya vikombe nilimsikia Bi Achterberg akisema leo kutakuwa na zoezi. Meza sita, kila meza bahasha moja, ndani kisa cha kubuni cha mgonjwa. Wanakisoma, wanaamua: je, kampuni imekosea? Nikaona mlango uko wazi. Asubuhi nikatandika vitambaa mapema. Nikaingiza kisa chako kwenye bahasha ya meza ya tatu, na kile cha kubuni nikakitia mfukoni mwa aproni. Jina sikuweka. Niliandika "binti wa miaka kumi na saba." Niliandika zile siku nne nne. Nikaandika na kwamba anapiga klarineti, na kwamba msimu wa baridi uliopita alianza kuvaa sweta tatu ndani ya nyumba kuficha alivyokonda, na kwamba mama yake alidhani ni mtindo wa shule.

Bwana Pribyl ndiye aliyesoma kwa sauti. Nilisimama nyuma yake na birika, kwa mbali safari hii. Alipofika kwenye sweta akasita. Mama mmoja mezani alivua miwani akaifuta, na haikuwa na kitu. Nikasema moyoni, imeshika! Sasa watasema wamekosea, na yeye mwenyewe ndiye mkaguzi, atakwenda kurekebisha!

Hapo ndipo Bwana Pribyl akauliza: sawa, lakini tunalinganisha na nini? Siku nne nne ni kufuli, tunaliona. Kufuli la mlango wa pili liko wapi? Bima hiyo hiyo, mgonjwa wa mwili akilazwa kituoni kujiuguza, hupewa siku ngapi? Kisa hakisemi. Wenzake wakakubali. Mizani yenye sahani moja haipimi. Wakaandika juu ya karatasi: HAITOSHI.

Kisa chako, mwanangu. Haitoshi!

Bi Achterberg akaichukua karatasi. Akauliza imetoka wapi, yeye hakuiandika. Wote wakatazama vitambaa vya meza. Kwetu ukitazama kitambaa cha meza huonekani. Yeye akazunguka ukumbi polepole, karatasi mkononi, akafika kwenye meza ya vinywaji. Pale kuna vibao vyangu vidogo: Kahawa. Chai. Kahawa Isiyokeshesha. Nimeviandika mwenyewe kwa kalamu ya bluu. Akaangalia kibao, akaangalia karatasi. Akaangalia kibao.

Wakati wa mapumziko akaja kuchukua chai. Aliuliza waziwazi: huyu binti ni wako? Nikasema aa, wa jirani. Akasema sawa. Akasema hapa yeye hawezi kuwa wakili wa mtu, ila jirani yangu ana haki ya kuwauliza kampuni, kwa maandishi, kanuni wanazotumia mlango wa akili na wanazotumia mlango wa mwili. Zote mbili. Ni haki yake, si fadhila. Na kwa mtoto aliyeko kituoni aombe rufaa ya haraka, wajibu ndani ya saa sabini na mbili. Halafu akauliza: nyumbani kwa jirani yako, kuna mtu mwenye kadi hiyo hiyo ya bima aliyewahi kukaa kituoni kwa ajili ya mwili? Nilifikiri kweli kweli. Nikasema hakuna. Wote wazima kama chuma.

Akasema pole. Aulize tu, akasema. Mwambie aulize.

Rahisi kwake! Kumwandikia mtu usiyemjua, eti nataka, nipeni! Bibi Aili angesemaje?

Jumatano, tarehe 5 Februari

Hila ya tatu: keki za limau. Nimeziamini tangu mwanzo.

Mtu akiwa na keki yako mdomoni hawezi kukukatalia. Nilioka trei nzima nyumbani, nikaikata vipande vya mraba, nikaipeleka Ukumbi wa Ziwa siku ya mwisho ya mafunzo. Nilivyopanga: vitaliwa mpaka kibaki kimoja, na cha mwisho hakuna anayekichukua. Hapo namwita Bwana Pribyl pembeni, namsukumia, anaona haya, ananiuliza nina shida gani, namwambia.

Viliisha upesi. Kikabaki kimoja. Akaja mama wa miwani, akakikata nusu, akaacha nusu. Akaja karani wa hospitali, akaikata ile nusu. Wakaja wengine watatu. Kufika saa tisa kilichobaki ni kama stempu. Na juu ya stempu ile mtu alikuwa ameacha kisu, ili mwingine akate.

Ndipo akaja yeye, peke yake, koti mkononi. Nikamsukumia trei. Akacheka, akala ile stempu, akasema tamu, mama. Nikamwambia barabara ya kusini ina barafu. Akasema ndiyo. Nikamwambia upepo wa ziwani leo ni mkali. Akasema ni kweli. Akaniangalia kidogo, akauliza: mama, una jambo? Nikasema aa, jambo gani tena. Akauliza tena, taratibu zaidi: hakika? Nikasema hakika kabisa.

Nikangoja ya tatu.

Mwanangu, kumbe yule bwana ni wa Nebraska! Kwao huuliza mara mbili tu! Akavaa kofia, akasema asante kwa kahawa, hata ile ya siku ya kwanza. Akaenda zake.

Nilisimama pale na trei tupu. Sukari ya unga kwenye mikono yangu yote miwili. Mafunzo yameisha.

Alhamisi, tarehe 6 Februari

Sikwenda kazini. Nilikuwa nasugua trei, na trei ilikuwa safi tangu jana. Baba yako akaingia, akasimama. Unamjua anavyosimama. Bibi Aili alikuwa kwenye kiti chake anafuma, akasema: Reino, mkeo analia ndani ya sinki.

Nikamwaga yote. Kahawa, bahasha, vibao, stempu ya limau. Nikasema nilikosa kitu kimoja tu, yaani mtu wa humu mwenye kadi yetu aliyewahi kulazwa kituoni kwa ajili ya mwili. Laiti tungekuwa naye!

Bibi Aili akaacha kufuma. Baba yako akatazama dirishani. Halafu akasema, "Mimi nilikaa siku thelathini."

Nikauliza wapi.

Mungu anisamehe. Nilimuuliza wapi! Mwaka mzima nimeiruka ile fimbo yake mlangoni kila asubuhi. Mimi ndiye niliyemwona juu ya paa na beleshi la theluji, na kisha nikaona paa bila yeye. Wala sikuikumbuka! Kwangu ile haikuwa bima. Ilikuwa baba yako.

Akaenda kwenye droo ya kamba na betri, akatoa barua. Kampuni ile ile, kadi ile ile, nambari ile ile. Siku thelathini za kuiuguza nyonga kituoni zimekubaliwa tangu siku ya kwanza, mapitio mengine hayahitajiki. Thelathini kwa mkupuo! Hakuna aliyempigia kuuliza kama bado anachechemea.

Akachukua simu. Nikamwambia ngoja, tupange kwanza la kusema. Nina hila, nikasema: anza na hali ya hewa, halafu ulie. Akabonyeza nambari. Wakatuweka na muziki nusu saa. Akatokea binti mmoja mwenye sauti ya haraka. Baba yako akasema, nayaandika kama yalivyo maana ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizotoa tangu harusi yetu: "Nyonga yangu mliipa siku thelathini. Mtoto wangu mnampa nne nne. Nataka kanuni zote mbili kwa maandishi. Na rufaa ya haraka."

Halafu akanyamaza.

Binti akasema mambo ya afya ya akili yana utaratibu wake, bwana. Baba yako kimya. Binti akasema yaani, si kwamba ni tofauti, ila hupitiwa mara kwa mara. Kimya. Binti akasema kwa kweli hajui kwa nini hupitiwa mara kwa mara. Kimya. Nilikuwa nimeandika karatasi kubwa, LIA!, naipunga mbele ya uso wake. Binti akauliza, "Bado upo, bwana?" Baba yako akasema, "Nipo." Kimya tena. Haki ya Mungu nilisikia saa ya ukutani ikimeza mate. Mwisho binti akasema ngoja nikuunganishe na msimamizi.

Msimamizi alidumu dakika mbili tu ndani ya kimya kile. Rufaa ya haraka imepokelewa. Nambari ya kumbukumbu baba yako aliiandika nyuma ya karatasi yangu ya LIA.

Bibi Aili akaendelea kufuma. Akasema kuuliza si ujinga. Nikamwambia mama mkwe, mbona hukusema mapema? Akasema hukuuliza.

Ijumaa, tarehe 7 Februari

Siku yenyewe. Hakuna simu.

Bi Odell na daktari wamepeleka karatasi zao. Amesema hawatamtoa mtoto rufaa ikiwa mezani. Nikamwuliza anaendeleaje. Akasema anaendelea. Nikamwuliza kama ame— akasema, "Mama."

Nikasema nilitaka kuuliza kama ameanza kusoma tena.

Jumamosi, tarehe 8 Februari

Bado.

Jioni tuliwasha sauna, chumba chetu cha mvuke, kama kawaida. Nilikaa ngazi ya chini peke yangu, maji yakichemka juu ya mawe, nikawaza lile kufuli. Nilipokuwa naliwaza lilikuwa la kampuni. Kisha likawa si la kampuni.

Baba yako alipoanguka, kabla ya jioni sahani ya kwanza ya viazi na nyama ilikuwa mlangoni. Kufika Jumapili zilikuwa saba. Mtaa mzima walikuja kusukuma theluji yetu. Mchungaji alitaja nyonga kwa jina kanisani! Ulipoondoka wewe, hakuna sahani iliyokuja. Nami nilikasirika kimoyomoyo, nikasema watu wamekuwa wa ajabu. Lakini wangeleta vipi? Nilimwambia kila mtu Fargo. Nilitunga na shangazi amevunjika mkono, wewe unamsaidia. Nyonga ya baba yako niliitangaza hadi kwa mwuza gesi. Wewe nilikutia chumbani nikafunga, nikakaa mbele ya mlango nikitabasamu.

Sikuona haya kwa ajili yako, mwanangu. Nataka ulijue hilo. Nilijionea haya mimi. Nilidhani wataniuliza: wewe mpishi wa watu, ilikuwaje? Na jibu sina. Bi Odell anasema hakuna jibu la namna hiyo, si kosa la chakula changu wala la mapenzi yangu. Namwamini kuanzia asubuhi mpaka saa kumi hivi.

Nilipotoka sauna, Verna alikuwa ukumbini kwetu, buti zimejaa theluji, sahani ya moto ameishika kwa taulo. Viazi na nyama. Akasema ni ziada tu, alipika kingi. Akauliza Kaija anaendeleaje huko. Nikasema vizuri, anamsaidia shangazi. Akauliza tena, akitazama sahani: anaendeleaje, Arlys? Nikasema vizuri tu. Bibi Aili akakohoa.

Verna akavua kofia. Akauliza ya tatu.

Nikamwambia. Pale pale mlangoni, nywele zangu zinadondosha maji. Verna hakushtuka. Alisema dada yake mdogo alikuwa hivyo, mwaka wa sabini na tisa, na kwao walisema amekwenda Bismarck, jimbo lile lile la Fargo. Akasema, "Sisi na Dakota Kaskazini, bwana wee, tumewatuma wangapi?" Tukacheka mpaka tukashikana. Halafu hatukuwa tunacheka.

Pasaka bado ni yangu, hata hivyo. Nilimuuliza.

Jumapili, tarehe 9 Februari

Simu! Saa nne asubuhi, tunatoka kanisani, mguu mmoja ndani ya gari! Baba yako akapokea, akasikiliza, akasema "Ndiyo." Akasema "Ndiyo" nyingine. Akafunga. Akawasha gari. Tulifika taa za barabara kuu kabla hajasema: siku thelathini. Kwa mkupuo. Kama nyonga.

Nilimpiga begani kwa kitabu cha nyimbo. Bibi Aili alilia kwenye glavu. Kanuni zenyewe zitakuja kwa posta, wamesema, na Bi Achterberg akiziona nadhani atafurahi. Nitaitafuta anwani yake nimwambie jirani yangu anashukuru.

Sasa kaa chini nikwambie siri. Baba yako anadhani ni ile barua ya droo. Bibi anadhani ni kile kimya. Mimi najua. Ni keki za limau! Bwana Pribyl alikula ile stempu, akarudi kazini, ikamfanyia kazi tumboni. Haiwezekani iwe kitu kingine. Nimeshaandika orodha: sukari, mayai, limau kumi na mbili. Mwezi ujao kuna mkutano wa shule za jimbo pale Ukumbi wa Ziwa, na wewe una mitihani uliyokosa. Siombi chochote. Nitasimama tu na trei.

Na jambo lingine. Bi Odell alisema shajara hii nisikupelekee mpaka uandike wewe. Nimelifikiria usiku na mchana, kisheria. Baba yako alipokuwa kituoni nilimwandikia kila siku, wala hakuna mshauri aliyenizuia. Sasa kwa nini mlango wako uwe na kufuli kubwa kuliko la nyonga? Sheria ni sheria. Daftari hili naliingiza ndani ya soksi za sufu alizofuma Bibi, soksi naziingiza ndani ya sweta, na juu ya kifurushi nimeandika "Soksi." Naona kule jikoni kwa kituo chenu wanatafuta mtu wa mwisho wa wiki pia, nimeona kwenye tangazo lao. Jina langu la kabla ya kuolewa halijui mtu. Nafikiria tu.

Baba yako anakusalimu tena, nyonga inasema kutakucha kweupe. Bibi anakusalimu. Pulla anakusalimu. Verna anakusalimu, safari hii kwa jina lako na mahali ulipo.

Jibu upesi, mwanangu, hata mstari mmoja. Sikuulizi umekula nini. Nimeahidi, na ahadi ni ahadi. Nauliza tu, kama mtu wa kazi hiyo: supu yao huko, wanaikoleza chumvi vizuri?